Ovahoo ya gia boksi ya otomatiki uani kwangu: Mark II baluni, A340E

Wakuu, naandika hii kwa sababu nilipotafuta kwa Kiswahili sikupata kitu zaidi ya "otomatiki haifunguliwi, tupa weka nyingine". Mimi sijakubali kutupa. Nitakuwa naongeza humu kila nikisogea, mpangilio msiutegemee sana, nyingine naandika mikono ikiwa na oili.

Kabla ya kushika spana

Gari ni Mark II baluni, JZX90, injini 1JZ-GE, gia boksi A340E, gia nne, propela inaenda nyuma. Hii boksi ilitengenezwa na Aisin na imekaa kwenye magari kibao ya Toyota, mpaka Jeep Cherokee za zamani wameitumia, wao wanaiita AW4. Hiyo ndiyo imenipa moyo, maana vitabu vyake vipo, michoro ipo, hata ukikwama kwenye cha Toyota unachungulia cha Jeep.

Ugonjwa wenyewe: asubuhi ukiweka R unasubiri. Unasubiriii, halafu ndo inachukua kwa kishindo. Ukiweka D inaondoka vizuri tu, ya kwanza safi, ya pili safi, ikiingia ya tatu mshale wa RPM unapanda gari imelala, na ya nne vile vile. Kupanda Kimara na abiria wanne ilikuwa aibu, bajaji zinakupita. Oili nikaipangusa kwenye kitambaa cheupe, nyeusi na inanuka kuungua.

Mafundi niliowauliza wimbo wao mmoja, nenda Gerezani, kule kwenye spea za mitumba, chukua boksi ya mtumba funga maisha yaendelee. Sawa, ila boksi ya mtumba nayo imetoka kwenye gari la miaka hiyo hiyo, sili zake ni za umri ule ule, na dhamana yenyewe ni ya mdomo. Unanunua ugonjwa wa mtu mwingine ambao bado hujaujua. Wangu angalau naujua dalili zake.

Kusoma dalili

Hapa nakaa kidogo maana ndiyo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote, na haihitaji hata spana.

Ndani ya A340E kuna klachi tatu, C0, C1 na C2, kuna breki nne, B0, B1, B2 na B3, na klachi za kushika upande mmoja tatu, F0, F1, F2. Kila gia ni mchanganyiko wa hivyo vitu. Kitabu kina jedwali lake. Ya kwanza kwenye D inatumia C0, C1 na F2. Ya pili inaongezeka B2 na F1. Ya tatu anaingia C2. Ya nne C0 anaachia, B0 anashika, C2 bado yumo. Rivasi ni C0, C2 na B3.

Sasa chukua kalamu. Gia zinazosumbua kwangu ni ya tatu, ya nne na rivasi. Nani yumo kwenye zote tatu na hayumo kwenye ya kwanza wala ya pili? C2 peke yake. B3 angeweza kusingiziwa kwenye rivasi, lakini B3 ndiyo inayofanya injini ivute gari nyuma ukiwa kwenye L, na kwangu ukiweka L ukaachia mafuta gari linajizuia vizuri kabisa. Kwahiyo B3 mzima.

Bado swali la umeme. Solenoidi (valvu ndogo za umeme zinazoamua gia) zikizingua nazo zinaweza kuleta vituko vya gia. Kwanza nikaunganisha TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha plagi chini ya boneti, swichi on, nikaangalia taa ya O/D OFF (ya ovadraivu, yaani gia ya nne) inavyokonyeza. Ikikonyeza 62 ni solenoidi namba 1, 63 ni namba 2, 64 ni ya lokapu (klachi inayofunga injini na boksi moja kwa moja), 42 na 61 ni sensa za spidi. Yangu ilikonyeza haraka haraka bila kupumzika, maana yake haina kesi.

Halafu kuna kipimo kingine kizuri sana ambacho sijui kwa nini mafundi wetu hawakitumii. Unachomoa plagi ya solenoidi kabisa, unaendesha. Bila umeme boksi inabaki na haidroliki tupu, na kila mkao wa gia lever unakupa gia moja tu: L inakupa ya kwanza, 2 inakupa ya tatu, D inakupa ya nne, R inabaki rivasi. Nikazunguka barabara ya mtaani jioni. L inavuta kama kawaida. Nikaweka 2, yaani ya tatu ya lazima, RPM ikapaa. Umeme haupo tena kwenye hesabu, kwahiyo tatizo ni la ndani na lina jina: C2. Nililala vizuri siku ile.

Kushusha

Hii naipita haraka, kushusha gia boksi kila mtu anajua. Betri toa, oili mwaga, propela, egzosi ya mbele, waya wa kikdauni kutoka kwenye throtoli, plagi, mabomba mawili ya kupoza oili, sampo ndogo ya mbele ili uzione boliti sita za toki konveta (lile dude la duara linalopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye boksi kwa oili), unazungusha injini kwa krenki boliti unazifungua moja moja. Boliti za juu za kengele (ule mdomo mpana wa boksi unaoshikana na injini) zinataka ekstensheni ndefu na uvumilivu. Shemeji alikuja na jeki ya pili na kompresa, gari lilikuwa juu ya stendi nne na magogo ya ziada chini, sikutaka utani.

Kitu kimoja: konveta itoke pamoja na boksi. Ukiiacha imeng'ang'ania upande wa injini utaharibu sili ya pampu na oili iliyobaki itakumwagikia kifuani.

Sampo

Sampo kabla ya chochote. Ndani kuna visumaku. Vilikuwa na tope la kijivu laini, hilo ni la kawaida kwa umri huu, vipande vya chuma hakuna, nikashukuru. Ila chini ya sampo kulikuwa na vumbi jeusi jingi kama masizi ya jiko la mkaa. Hilo ni karatasi ya disiki iliyoungua. Yaani kuna disiki zimekwisha lakini gia na beringi zimepona.

Mezani

Meza ni mlango wa zamani juu ya madumu, nimetandika shuka jeupe. Mke wangu kaliangalia lile shuka halafu kaniangalia mimi, hakusema kitu.

Valvu bodi (bamba lenye vijia na valvu zinazogawa oili kwenye klachi) inafungwa na boliti nyingi za kichwa cha 10 na urefu wake haulingani. Nilichora umbo lake kwenye kadibodi nikachomeka kila boliti mahali pake. Mabomba ya oili yaliyopita juu yake yanang'olewa kwa bisibisi pana taratibu, ukiyapinda hayarudi. Valvu bodi inaposhuka kuna kidude kidogo na springi yake vinakaa kati yake na nyumba ya boksi, vinaanguka hivyo, na kama hujui vipo utavifagia na takataka. Valvu bodi yenyewe sikuitawanya yote. Niliiosha kwa petroli safi, nikasukuma valvu moja moja kwa kijiti cha mbao nione zinarudi bila kukwama, basi. Mtu anayeifungua yote bila sababu ana lake jambo.

Solenoidi namba 1 na 2 nikazipima kwa multimita, kitabu kinasema omu 11 hadi 15, zote zilikuwa humo, nikazipa volti 12 kila moja inaitika "tik".

Akyumuleta ni zile pistoni ndogo nne chini ya valvu bodi, zinatoka kwa hewa. Unaweka kitambaa kinene juu, unapuliza kidogo kwenye tundu, inakuja. Shemeji kapuliza kama anajaza tairi ya lori. Pistoni ilipiga kitambaa ikaenda na kitambaa mpaka kwenye banda la kuku. Iliokotwa, haina mkwaruzo.

Halafu inafuata pampu, plenetari (seti ya gia) ya ovadraivu na C0 yake, sapoti ya ovadraivu (boliti mbili kutoka upande wa valvu bodi na saklipi kubwa), nyuma yake ndo wanatoka C2 na C1 wakiwa wameshikana. Kila beringi ya bapa na pleti yake nilipiga picha ikiwa mahali pake, kisha picha ikiwa mkononi, kisha nikaiweka kwenye kifuko chenye namba. Zile beringi zina upande. Zinafanana, zinadanganya.

C2 yenyewe

Kabla sijaifungua nilitaka kuiona ikikosea mbele ya macho yangu. Nikapanga ngoma za C1 na C2 juu ya sapoti ya ovadraivu kama zinavyokaa ndani, nikapuliza hewa kwenye tundu la C2 kwenye sapoti. Klachi ikiwa nzima pistoni yake inapanda "tap" inashika disiki, ukiachia inashuka. Yangu ilipanda kwa uvivu, na hewa ikawa inatoroka ndani ya ngoma, unaisikia kabisa ssssss. C1 kwa kulinganisha ilipiga tap safi.

Nikatoa saklipi, disiki zikatoka. Wakuu. Disiki ya klachi ikiwa nzima ina karatasi ya rangi ya hudhurungi, ukiibonyeza kwa kucha ikiwa na oili inatoa umajimaji. Hizi zilikuwa nyeusi zinang'aa, nyingine karatasi imebanduka imebaki chuma, na pleti za katikati zina madoa ya bluu ya moto. Kwa wengi hapo kazi imeisha: weka disiki mpya funga. Lakini disiki haziungui zenyewe. Zimeungua kwa sababu presha ya kuzibana ilikuwa inavuja, zikawa zinateleza, zikapata moto. Ukiweka mpya bila kuziba kinachovuja zitafuata njia ile ile.

Kutoa pistoni kunahitaji kubana springi za ndani. Kifaa chake cha kiwandani sina, nikatumia boliti ndefu ya nyuzi, vyuma viwili bapa na bomba fupi la chuma nililokata dirisha pembeni la kuingizia bisibisi, fundi welda wa mtaani kanichomea kwa bei ya soda mbili. Unakaza nati springi zinashuka, unatoa saklipi, unalegeza taratibu. Uso uwe pembeni.

Pistoni ikatoka kwa hewa na jibu likawa hapo hapo. O-ringi za pistoni zilikuwa ngumu, bapa upande mmoja, nilipoikunja moja ikakatika. Mpira ule ulitakiwa kurudi umbo lake na kuziba, wenyewe umeganda umekuwa plastiki. Asubuhi oili ikiwa baridi na mpira ukiwa baridi haizibi kabisa ndo maana rivasi inachelewa, ikipata joto inatanuka kidogo inaanza kushika. Kila dalili ikapata mwenyewe. Ringi za sapoti nazo, zile zinazopitisha oili kwenda kwenye ngoma, zilikuwa zimelika kiasi, nikaziweka kwenye orodha.

Mzee jirani, fundi mstaafu wa malori, alipita akasimama getini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii umeifungua mwenyewe?"

"Ndiyo mzee."

Akaizunguka meza, mikono nyuma. Akaokota ile o-ringi iliyokatika akaivunja tena vipande viwili. "Moto," akasema. "Umeangalia rejeta?"

Ndo nikaenda kuangalia rejeta. Oili ya hii boksi inapozwa ndani ya tanki la chini la rejeta, na rejeta yangu ilikuwa imejaa ukoko, mwenye gari wa kabla yangu alikuwa anaweka maji ya bomba. Nikapuliza bomba la kupozea oili, ikatoka kwa shida na vumbi lile lile jeusi. Kwahiyo boksi imepikwa polepole kwenye foleni. Rejeta mpya ikaingia kwenye bajeti, na mabomba yote nikayasafisha kwa hewa na ATF (oili ya gia boksi za otomatiki) safi mpaka inatoka nyekundu. Mzee asante.

Kusubiri spea

Seti ya ovahoo na disiki nimeagiza kwa jamaa anayeleta mizigo kutoka Dubai. Havikufika hata nusu ya bei ya boksi ya mtumba niliyotajiwa, ila vilichelewa, na mzigo wa kwanza disiki zilikuja za boksi nyingine, meno ya ndani hayalingani. Zikarudi. Ushauri: tuma picha ya disiki ya zamani ikiwa na rula pembeni na uhesabu meno, usitume jina la gari peke yake, maana hata ndani ya A340 idadi ya disiki inatofautiana kwa injini.

Seti ikifika utakuta gasketi na sili za ziada zisizo na kwao. Ni kwa sababu seti moja inauzwa kwa matoleo ya 4x4 pia. Kwahiyo linganisha kila mpya na ya zamani, kinachobaki kibaki.

Kurudisha

Disiki mpya hazifungwi kavu. Kitabu kinasema zilowe kwenye ATF angalau dakika 15, mimi nilizilaza usiku kucha kwenye beseni lenye kifuniko. O-ringi zote mpya, sio za C2 tu, maana umri ni mmoja. Kila mpira unapakwa ATF kabla ya kuingia, pistoni unaisukuma kwa vidole gumba viwili huku unaizungusha kidogo, ikikataa usilazimishe, toa angalia mpira umekunjika wapi.

Beringi za bapa zinashikizwa na vaselini ya kawaida ya dukani, isiyo na manukato. Grisi hapana, haiyeyuki vizuri kwenye ATF na inaweza kuziba vitundu. Nyumba ilinuka vaselini wiki nzima, mtoto akauliza baba anapaka nani mafuta.

Nafasi ya C2 nilipima kwa geji ya saa ya kuazima, unapuliza hewa unasoma pistoni imesafiri kiasi gani. Inatakiwa karibu milimita moja na nusu. Ikizidi au ikipungua unabadilisha ile pleti nene ya juu, zipo za unene tofauti. Yangu ikakaa na pleti ya zamani. Tap. Hewa haitoroki. Nilimwita shemeji arudie kupuliza, kisha nikapuliza tena bila sababu yoyote.

Konveta sikuipasua, hapa mjini kupata mtu wa kuikata na kuichomelea ikiwa sawa sawa ni shughuli. Niliigeuza ikamwaga, nikaisuuza kwa ATF mara kadhaa mpaka ikatoka safi, nikaingiza kidole kwenye stata (gurudumu la katikati ndani ya konveta) nikaona inazunguka upande mmoja na kushika mwingine. Najua wapo watakaosema ilitakiwa mpya. Kwa boksi yenye vipande vya chuma kwenye sampo ningekubaliana nao.

Kuiingiza konveta ndo mahali pa kutulia. Inashuka ngazi tatu: shafti, stata, halafu masikio ya pampu. Ngazi ya mwisho isipoingia, boliti za kengele zitakuwa zinaivuta boksi na unaponda pampu kabla injini haijawaka. Nilipima kwa rula na kalipa kutoka uso wa kengele mpaka kwenye konveta, na boksi ilipogusana na injini konveta bado ilikuwa inazunguka kwa mkono. Kama haizungukiki, simama hapo hapo.

Kuwasha

Waya wa kikdauni umerekebishwa, mafuta yakikanyagwa mpaka chini kile kizuizi kiwe milimita 0 hadi 1 kutoka kwenye mpira wake. Huu waya ndio unaoiambia boksi ibane kwa presha kiasi gani, ukiulegeza unaunguza klachi mpya. ATF Dexron II kama kijiti kinavyosema. Ukijaza mara ya kwanza konveta ni tupu, inabidi umimine, uwashe, upitishe lever P mpaka L kurudi P, umimine tena. Kipimo cha mwisho kinasomwa injini ikiwa inanguruma na oili ya moto, kwenye alama ya HOT.

Nikaweka R huku simu inahesabu. Kitabu kinaruhusu chini ya sekunde 1.5 kutoka N kwenda R, na chini ya 1.2 kwenda D. R imechukua kabla sijamaliza kutamka sekunde moja. D ndo kabisa. Kipimo cha kukanyaga breki na mafuta pamoja sijafanya, disiki bado mpya, zikae kwanza.

Barabarani: ya kwanza, ya pili, ya tatu ikaingia, mshale ukashuka ukatulia. Ya nne, lokapu ikashika. Nikapanda Kimara na shemeji na mzee jirani nyuma, mzee kimya njia nzima, tulipofika juu akasema geuza twende tena.

Yaliyobaki

Oili nitaimwaga tena baada ya kilomita chache kutoa masalia, na visumaku nitaviangalia. Kuna tone la oili kwenye shafti ya lever pembeni, ile sili ndogo, nadhani imekaa upande. Haihitaji kushusha boksi, Jumamosi nitaitoa nione. Na ya pili kwenda ya tatu naiona ngumu kidogo ikiwa baridi, kama kuna aliyewahi kuikuta kwenye A340E yenye o-ringi mpya aniambie iliisha yenyewe au alicheza na waya wa kikdauni.